Jengo la wodi ya wagonjwa wa akili: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Nimekuwa nesi wa afya ya akili Kanda ya Ziwa muda wa kutosha kusikia swali moja likitoka kwa mama wa mgonjwa, kwa nesi mpya aliyepangiwa wodi hii bila kuiomba, na kwa fundi aliyeshika ramani. Wote wanauliza kuhusu kuta, milango na madirisha, ingawa kila mmoja anaanzia mahali pake. Nimeyakusanya hapa na kuyapa namba, ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine. Anayetafuta ushauri wa dawa hatapata hapa. Amuone daktari wake.

## Mambo ya mwanzo

1. Kwani jengo linaweza kumtibu mtu?

Peke yake, hapana. Skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti na aamini yasiyokuwepo, haiondoki kwa sababu ukuta umepakwa vizuri, na anayekuambia hivyo anauza rangi. Lakini dawa mgonjwa anaimeza kwa dakika mbili, na saa zote zilizobaki yuko na jengo na watu waliomo. Kama halali kwa kelele, kama anamwogopa jirani wa kitanda cha pili, kama haoni nje na hajui ni saa ngapi, dawa inafanya kazi huku inavutwa shati kwa nyuma.

Hili limepimwa. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya wagonjwa 46 wa hospitali moja huko Pennsylvania, Marekani, waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo. Nusu yao dirisha lao liliona miti, nusu liliona ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa mapema kidogo na waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Hao walikuwa wagonjwa wa upasuaji. Kwa wa kwetu, kuna utafiti wa Edmonton, Kanada, uliochapishwa mwaka 1996: wagonjwa wa sonona waliopangiwa vyumba vyenye jua walikaa wastani wa siku 16.9, na waliopangiwa vyumba vyenye giza siku 19.5. Wodi ilikuwa ileile, tofauti ni upande wa korido.

2. Kwa nini isijengwe kama wodi nyingine yoyote?

Wodi ya kawaida imechorwa kwa ajili ya mtu aliyelala: kitanda, dripu, kabati dogo, nesi anapita. Mgonjwa wetu anatembea. Akishaoga na kunywa uji anataka mahali pa kwenda, na kama hapapo atapima korido tangu asubuhi mpaka jioni, akigeukia mlango uleule. Tena anakaa wiki kadhaa. Chukua ramani ya wodi ya upasuaji, ibandike jina la wodi ya akili, utapata ukumbi wa vitanda na korido moja, na hiyo korido itakuwa sebule, uwanja wa mpira na ulingo wa ngumi.

3. Mbona nyingi zinafanana na magereza?

Kwa sababu kazi zilizopewa zamani zilifanana na za gereza. Serikali za kikoloni zilitaka kwanza kumwondoa mtu barabarani. Kumtibu kulifuata baadaye, kukifuata. Ukuta mrefu, geti moja, nondo, ua wa zege. Majengo yanaishi kuliko sera, kwa hiyo mtu anaweza kuhudumiwa kwa Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ya mwaka 2008 ndani ya mawazo ya mwaka 1930.

Lakini hata zamani si wote walijenga hivyo. Mwaka 1796 William Tuke na wenzake wa dhehebu la Quaker walifungua nyumba ya wagonjwa huko York, Uingereza, na fremu za chuma za madirisha wakazitengeneza zifanane na mbao ili mtu asijione amefungwa. Afrika tunayo mifano yetu. Tazama swali la 17.

## Vyumba, madirisha, kelele na uani

4. Kila mtu na chumba chake, au ukumbi wa vitanda?

Hili ndilo swali la bajeti, kwa hiyo linaulizwa kwa sauti kubwa kuliko mengine.

Ulaya siku hizi wanajenga chumba cha mtu mmoja chenye choo chake. Hospitali ya Östra mjini Gothenburg, Uswidi, ilihamia jengo jipya la aina hiyo mwaka 2006: vyumba vya mmoja mmoja, sebule zaidi ya moja, bustani, mwanga, viti vinavyohamishika. Ulrich yuleyule na wenzake walilinganisha jengo hilo na la zamani wakachapisha mwaka 2018: sindano za lazima na kumfunga mtu kitandani vilipungua. Maelezo yao ni mepesi. Msongamano unaleta hasira, na mtu anayeweza kuondoka mbele ya mwenzake hana haja ya kumpiga.

Sasa tuje kwetu. Wodi inaweza kuwa na vitanda 20 na watu 30, wengine wamelala mzungu wa nne. Kumwambia mganga mkuu ajenge vyumba 30 ni kumfanya afunge faili. Tena, si kila mtu anafurahia kuwa peke yake. Nakumbuka mzee mmoja kutoka Ukara, tulimpa chumba cha peke yake tukidhani tumemheshimu. Aligonga mlango usiku kucha. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kulala chumba kisicho na pumzi ya mtu mwingine.

Ninachopendekeza ni vyumba vya vitanda viwili hadi vinne, vyenye ukuta mfupi kati ya kitanda na kitanda, unaofika kifuani kwa mtu aliyesimama. Aliyelala hamwoni jirani, nesi akipita anawaona wote. Ongeza vyumba viwili au vitatu vya mtu mmoja karibu na manesi kwa anayeingia akiwa amevurugika sana.

Na vitanda vipangwe kwa akili. Wodi nzima inakijua kitanda cha kona. Mgonjwa anayeamini kwamba anafuatwa anataka ukuta mgongoni na mlango machoni. Mpe kitanda cha katikati ya ukumbi, watu wanapita nyuma ya kichwa chake, uone atalala saa ngapi. Nimeshuhudia ugomvi wa kitanda cha kona ukiandikwa kwenye faili kama "mgonjwa ana vurugu". Vurugu ilikuwa ya mchoraji.

5. Madirisha yaelekee wapi?

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwisho wa Septemba, na siku nyingine halijitengi mbali. Maana yake madirisha ya kaskazini na kusini ukiyawekea paa lililotokeza vizuri, yanapata mwanga bila joto. Ya magharibi yanapata adhabu: kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia mpaka ukuta wa pili, na kama mbele kuna ziwa, linaingia mara mbili, moja kutoka juu na moja kutoka majini.

Mashariki ni habari nyingine. Watafiti wa Milan, Italia, walichapisha mwaka 2001 kwamba wagonjwa wa sonona inayotokana na ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka, waliolala vyumba vya kupokea jua la asubuhi, waliruhusiwa mapema kwa wastani wa siku 3.67 kuliko wa vyumba vya magharibi. Mwanga wa asubuhi unaiweka sawa saa ya mwili, na saa ya mwili ndiyo inayoharibika kwanza kwa wagonjwa hawa. Kwa hiyo wagonjwa mashariki, stoo na ofisi magharibi. Nimeona ramani nyingi zilizofanya kinyume, kwa kuwa ofisi ya mkubwa ilitaka mandhari ya ziwa lakini asubuhi isipigwe na jua.

Halafu upepo. Mchana unatoka ziwani, usiku unarudi kutoka nchi kavu. Dirisha upande mmoja tu halishiki upepo. Weka pande mbili zinazotazamana.

6. Nondo ni lazima?

Kumzuia mtu asianguke kutoka ghorofani ni lazima. Nondo ni njia mojawapo, na ndiyo mbaya kuliko zote kwa macho. Dirisha linaweza kutengenezwa lifunguke kwa upana wa kiganja likome hapo. Matofali ya matundu, yale ya zege tuliyoyazoea kwenye shule na makanisa, yanapitisha hewa na mwanga bila kumkumbusha mtu mahabusu. Kama ni grili, fundi wa kuchomelea anaweza kukukunjia maua au majani kwa bei ileile ya mistari iliyonyooka. Grili za nyumbani kwake mwenyewe hakuzifanya za mistari.

Vioo vya luva viondoke. Vinachomoka kwa mkono.

7. Rangi gani inatuliza?

Hakuna ya uhakika. Mwaka 1979 Alexander Schauss wa Marekani alitangaza kwamba rangi fulani ya waridi inapunguza ukali, na mahabusu kadhaa yakapakwa. Uchunguzi uliofanywa baadaye kwa uangalifu zaidi haukuona tofauti. Paka rangi ya kung'aa kiasi, isiyofanana na ya kituo cha polisi, inayooshwa. Muhimu zaidi, milango ya choo iwe na rangi yake ili aliyelewa dawa aipate usiku.

8. Sakafu nayo ina neno?

Inalo. Sakafu yenye madoadoa meusi inaweza kuwa wadudu kwa mtu anayeona visivyokuwepo. Iliyong'aa sana inafanana na maji, na nimemwona bibi akikunja gauni ili avuke korido. Kivuli cha pangaboi kinachozunguka chini ya taa nacho kinatisha. Msanifu majengo wa Kanada, Kiyoshi Izumi, alipopewa kazi ya kuchora hospitali ya akili huko Saskatchewan miaka ya 1950, alikubali kumeza LSD, dawa inayomfanya mtu aone visivyokuwepo, chini ya uangalizi wa daktari Humphry Osmond ili aone korido kwa macho ya mgonjwa. Sishauri mtu aige. Inatosha kuwauliza wagonjwa waliopona. Wanakumbuka kila kigae.

9. Kelele tuzizuieje, hasa mvua ya usiku?

Mvua za ziwa letu zinapenda kuja usiku na radi zake, na juu ya bati tupu hata mwenye akili timamu anakaa kitandani. Weka dari. Milango ya chuma ipigwe mpira kwenye fremu, kwa sababu mlango wa chuma unaobamizwa saa nane usiku unawaamsha watu ishirini na kumwamsha mmoja vibaya. Na sisi wenyewe tupunguze: funguo zinazoning'inia kiunoni, redio ya zamu, kuitana kutoka mwisho wa korido.

10. Vyandarua je? Vinahitaji kamba.

Hapa ndipo miongozo ya Ulaya inapotuacha. Wao hawana malaria, kwa hiyo hawajui kwamba kitu cha kwanza unachompa mgonjwa wa Kanda ya Ziwa ni kile kile ambacho mtaalamu wa usalama anataka kiondolewe chumbani. Mgonjwa mwenye sonona kali hapaswi kuachiwa kamba. Mgonjwa huyohuyo hapaswi kuachiwa mbu.

Jibu ni kuhamisha chandarua kutoka kitandani kwenda kwenye jengo. Nyavu za mbu kwenye kila dirisha, kwa fremu iliyopigwa skrubu kutoka nje. Mlango wa wavu unaojifunga wenyewe kabla ya mlango wenyewe. Dari isiyo na mianya pale ukuta unapokutana na paa, maana mbu wengi wanaingilia hapo. Kupuliza dawa ukutani kwa ratiba. Gharama inaonekana kubwa siku ya kwanza, lakini hesabu vyandarua vinavyochanika kila mwezi. Faida nyingine: vile vijidudu vya ziwani, vinavyokuja kama moshi na kulifunika balbu, navyo vinabaki nje.

Mpaka nyavu zikamilike, vyandarua vya kawaida vibaki kwa wagonjwa ambao tathmini inaruhusu, na wa hatari walale chumba kilichokwisha kufungwa nyavu, karibu na zamu. Kuhusu vitu vingine vya hatari, swali la 13.

11. Ua una kazi gani? Si watatoroka?

Ua ni nusu ya wodi. Mtu anayeweza kutoka kwenda kukaa chini ya mwembe amepewa njia ya kuuacha ugomvi bila kushindwa. Kivuli kwanza, maua baadaye. Mabenchi yasipangwe mstari mmoja kama ya kliniki. Pembe mbili zinazotazamana zinatosha watu kuongea. Bomba la maji, kipande cha kulima mchicha, mahali pa kuanika nguo zao wenyewe.

Hapa Mwanza kiwanja chochote kina mawe. Wahandisi wanapenda kuyapasua. Niliwahi kumwomba mmoja aache jiwe moja pana, lisilofika kiunoni, na mpaka leo ndilo kiti kinachopendwa kuliko vyote, hasa saa za jioni likiwa bado na joto la mchana. Mawe marefu karibu na ukuta wa nje hayo ndiyo yapasuliwe, kwa sababu ni ngazi. Kutoroka kumejibiwa hapa chini.

## Usalama

12. Mlango wa wodi ufungwe au uwe wazi?

Ndugu wanataka ufungwe. Wanasema ziwa liko pale, barabara iko pale, na hawajakosea kuogopa. Lakini Ujerumani walifuatilia hospitali 21 kwa miaka 15, kuanzia 1998 hadi 2012, wakichapisha matokeo mwaka 2016: hospitali zenye milango wazi hazikuwa na watu wengi zaidi waliojiua au waliotoroka kuliko zile zenye wodi zilizofungwa. Italia ilikwenda mbali zaidi. Daktari Franco Basaglia alifungua milango huko Gorizia na Trieste, na mwaka 1978 sheria ikapitishwa ya kufunga hospitali kubwa za akili.

Ujerumani wana manesi wa kutosha na huduma zinazomfuata mtu nyumbani, kwa hiyo siwezi kukuambia kesho ufungue geti. Ninachokuambia ni hiki: angalia umati unakaa wapi. Mlango uliofungwa unavuta watu. Chakula kinaingilia hapo, ndugu wanaonekana hapo, anayeruhusiwa anatokea hapo, basi wote wanasimama hapo. Hesabu mapigano ya wodi yoyote, uone mangapi yametokea hatua chache kutoka kwenye mlango huo. Ukishindwa kuufungua, uvunje umati wake: chakula kiingie kwingine, wageni wapokelewe uani, na mlango wa kwenda uani ubaki wazi kutwa nzima.

13. Vitu gani viondolewe ili mtu asijidhuru?

Kila wodi ipitiwe chumba kwa chumba na mtu anayeangalia kwa jicho hilo: mabomba yaliyo nje ya ukuta, ndoano, vyuma vya mapazia, vitasa, nyaya. Pa kuanzia ni chooni, bafuni na chumbani, kwa sababu ndipo mtu anapokuwa peke yake. Milango ya huko ifungukie nje, au iweze kung'olewa na wafanyakazi kutoka nje.

Ila jengo halijawahi kumuuliza mtu "umelalaje, baba?" Wodi iliyoondolewa kila kitu mpaka ikabaki zege tupu inamwambia mgonjwa kwamba tunamtarajia afanye hivyo. Na kama wewe unayesoma hapa ndiye mwenye mawazo hayo, usimalize ukurasa huu kwanza. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, au nenda hospitali iliyo jirani, hata usiku.

14. Chumba cha kumtenga mgonjwa kinahitajika?

Kinachohitajika ni chumba cha kutulia, ambacho mgonjwa anakiomba mwenyewe na anatoka mwenyewe: godoro, mwanga hafifu, mkeka, mlango usiofungwa. Wodi yenye chumba kama hicho inapunguza haja ya kile kingine.

Kama kile kingine kipo, kiwe na dirisha la kuona nje, choo kinachofikika, maji, kengele, saa inayoonekana, na nesi mahali pa kumwona usoni bila kuchungulia tundu. Kikitumika stoo ya magodoro mabovu, kifungeni kabisa.

15. Kamera zitasaidia?

Kwenye korido na getini, kidogo. Chumbani na bafuni, hapana. Mtu anayesikia sauti zikimwambia anafuatiliwa, ukimwekea kamera juu ya kitanda umemthibitishia.

## Wafanyakazi

16. Jengo linatuathirije sisi manesi?

Linatuchosha au linatupumzisha, na linatupa ujasiri au woga. Nesi mmoja wa zamu ya usiku mwenye korido yenye kona mbili analinda kona asiyoiona. Ataongeza sauti, ataongeza amri, na sindano itachomwa mapema kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa ana hofu na yuko peke yake. Mfanye aone vyumba vyote akiwa amesimama mahali pamoja, na kila chumba anachoingia kiwe na njia ya kutokea isiyopita nyuma ya mgonjwa, utaona anakuwa mpole bila semina.

Kubwa kuliko yote ni ile kaunta. Wodi moja niliyofanya kazi ilikuwa na chumba cha manesi chenye kioo kizito, kilichowekwa baada ya mwenzetu kupigwa. Tulijiona salama. Kulikuwa na mgonjwa, mvuvi, aliyekuja kila baada ya dakika chache kugonga kioo kwa kifundo cha kidole. "Sista, saa ngapi?" "Saa nne, baba." Ko ko ko. "Sista, saa ngapi?" Kwenye faili tuliandika kwamba anasumbua na anarudiarudia. Siku moja mhudumu wa usafi, mama ambaye hajawahi kuingia darasa la uuguzi, akauliza kwa nini saa ya ukutani iko ndani yetu na siyo korido. Tukaihamisha. Mvuvi hakugonga tena. Alikuwa anahesabu saa za ndugu zake kuvuka na kivuko, na saa pekee ya wodi ilikuwa nyuma ya kioo chetu.

Sisemi kioo kivunjwe kesho. Kaunta pana iliyo wazi, yenye kina cha kutosha mtu asikufikie kwa mkono, inafanya kazi ileile, na nyuma yake kuwe na chumba kidogo cha faili na simu. Len Bowers wa Uingereza na wenzake walijaribu mpango wao wa Safewards kwenye wodi kadhaa, wakatoa matokeo mwaka 2015: kwa mambo madogo kama kutambuana na kuzungumza kwa lugha laini, migongano ilipungua kwa 15% na hatua za kumdhibiti mgonjwa kwa 26.4%. Mambo hayo hayafanyiki kupitia tundu la kioo.

Na mtupe choo chetu na chumba cha kukaa dakika kumi chenye mlango. Nesi anayekula chakula chake amesimama, mgongo ukutani, hana subira ya saa ya mwisho ya zamu.

## Ndugu, na hali zisizo za kila siku

17. Ndugu anaruhusiwa kulala na mgonjwa?

Inategemea hospitali, lakini jengo lingetakiwa liruhusu. Mwaka 1954 huko Aro, Abeokuta, Nigeria, daktari Thomas Lambo aliwaweka wagonjwa vijijini, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia na kumwangalia, huku wakija hospitali kwa matibabu. Alichokijua ni kile kila nesi wa hapa anakijua: mgonjwa anayekataa dawa kwa daktari anaimeza kwa shangazi yake.

Sasa tazama shangazi anakaa wapi. Ametoka Sengerema au Ukerewe na kanga mbili na ndoo, analala chini ya mti au kwenye kibaraza. Banda lenye paa, jiko la mkaa, choo na bomba, karibu na ua wa wagonjwa, ni gharama ndogo kuliko mashine yoyote. Na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, itafika ikiwa bado ya moto.

18. Wanaume na wanawake wachanganywe?

Mchana uani na kwenye kazi za mikono, wanaweza. Kulala, vyoo na bafu, kamwe, na njia ya kwenda bafu la wanawake isipite mbele ya vyumba vya wanaume. Mama aliyejifungua karibuni awe na chumba cha kukaa na mtoto. Watoto na vijana wadogo wasilazwe na watu wazima, hata kwa usiku mmoja wa "nafasi hakuna".

19. Aliyeletwa na polisi anawekwa wapi?

Aliyetenda kosa na mahakama ikaagiza, mahali pake ni Isanga, Dodoma, jirani na hospitali ya taifa ya Mirembe. Aliyeletwa na polisi kwa kuwa ndio waliokuwa na gari ni mgonjwa kama mwingine. Awe na mlango wa kuingilia usiopita kwenye foleni ya wagonjwa wa nje. Kupita mbele ya watu wa mtaani kwake akiwa na pingu kutamsumbua baada ya kupona.

20. Jengo ni la zamani, fedha hakuna. Tuanzie wapi?

Kwenye viti. Miaka ya 1950, Osmond tuliyemtaja swali la 8 alimpa mwanasaikolojia Robert Sommer wodi ya kina mama wazee iliyopambwa vizuri ambayo hakuna aliyeongea na mwenzake. Viti vyote vilikuwa vimepangwa ukutani. Sommer akavizungushia meza ndogo. Mwanzoni watu wakawa wanavirudisha ukutani, akavitoa tena, na baada ya wiki kadhaa mazungumzo yalikaribia kuongezeka mara mbili. Haikugharimu sana, isipokuwa ubishi.

Baada ya viti: saa na kalenda koridoni, pazia kwenye bafu, balbu moja hafifu ya usiku badala ya tyubu inayopepesa, taa ya sola kwa siku umeme ukikatika, na kabati dogo la kila mtu hata kama ni kreti la soda lililogeuzwa.

21. Wapi pa kusali?

Kona safi ya sebule au uani, yenye mkeka na maji ya kutawadha karibu. Kibla kutoka Mwanza ni kaskazini, ikipinda kidogo mashariki. Weka alama ukutani mtu asihitaji kuuliza. Kwaya zinazokuja Jumapili zikae uani, siyo ukumbini. Kipaza sauti kibaki kanisani.

22. Mgonjwa anakikataa kitanda, anasema "kina mtu". Tumhamishe?

Mhamishe kwanza, ubishane baadaye. Mara nyingine ni ugonjwa unaosema. Mara nyingine ameambiwa na wenzake kwamba aliyekuwa hapo alifariki, na huko anakotoka kitanda cha marehemu hakilaliwi siku hiyohiyo. Na mara nyingine, kabla ya kuandika lolote, lala wewe pale dakika tano usiku. Mimi nililala. Taa ya getini ilikuwa inapita kwenye tundu la juu la dirisha, inatupa kivuli cha koti letu la zamu lililoning'inia mlangoni, mabega na yote, ukutani juu ya mto.